UZI: Mwaka mzima na pikipiki ya umeme kwenye vijia vya Usambara, raha na maumivu yake

Mpanda Magamba (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Uzi huu niliuahidi tangu masika, nikawa naukwepa. Kila nikitupia picha naulizwa yale yale: inapanda kweli? Chaji inafika wapi? Ikiingia maji je? Jana nimelambishwa udongo kule Migambo, goti limevimba kama boga, leo siendi popote. Basi tuandike.

Ninakaa Lushoto. Chombo ni Sur-Ron Light Bee, ile ya betri ya volti 60 na Ah 40, yaani kama uniti 2.4 za umeme ikijaa. Uzito wake haufiki kilo 60. Kabla yake nilikuwa na Boxer 150 yenye tairi za kashata, kilo mia na ushee, na mlima nimeupanda nayo miaka minne. Kwa hiyo sisemi kama mtu aliyeanza na umeme.

Njia zangu ni Lushoto mjini kupanda Magamba, kuzunguka Migambo hadi maporomoko ya Mkuzi. Siku nikiwa na nguvu natokea Lukozi kwenda Mtae. Na siongelei barabara ya gari. Naongelea vijia vya watu kwenda shamba: mfinyanzi mwekundu, mizizi ya mikaratusi, mawe yaliyoachwa wazi na maji ya mvua kama ngazi, upana wa mita moja, kulia ukuta wa udongo, kushoto kabichi za mtu mita tano chini.

Kilichonitesa miezi miwili ya mwanzo ni mkono wa kushoto. Kwenye pikipiki ya mafuta, mlimani mtu anaendesha kwa klachi. Unashika mafuta, injini inalia, unaachia klachi kidogo kidogo kadiri jiwe linavyotaka. Ikitaka kuzimika unavuta klachi, unajipanga upya. Huku klachi haipo, gia hazipo. Ukizungusha mkono wa kulia kidogo tu, mota inakupa nguvu zake tangu tairi halijamaliza mzunguko wa kwanza. Wiki ya kwanza nilifika kwenye kizingiti cha mawe karibu na Yoghoi, nikashika mafuta (tuseme mafuta tu, mazoea) kama nilivyozoea kwenye Boxer. Tairi la mbele likaangalia mbingu, nikabaki nimekaa chini naitazama pikipiki inaondoka bila mimi. Watoto waliokuwa wanachunga mbuzi walicheka mpaka mmoja akakaa chini na yeye.

Nilichofanya baada ya hapo ni kwenda uwanja wa mpira jioni, wiki mbili. Hali ya EP, ile ya kubana nguvu. Matofali kumi nimeyapanga ovyo, napita katikati yake kwa mwendo wa mtu anayetembea, mguu haugusi chini. Ukigusa, unarudi mwanzo. Siri iko kwenye breki ya nyuma. Kwenye chombo hiki breki ya nyuma ni ya mkono wa kushoto, palepale klachi ilipokuwa. Unavuta mafuta kidogo, na wakati huohuo kidole kimoja kinabana breki ya nyuma kidogo. Mota na breki vinavutana, pikipiki inatulia kama punda aliyebebeshwa. Hapo ndipo unaweza kuisogeza sentimita tano, kumi, ukitafuta njia katikati ya mawe.

Lakini ukijaribu hivyo na chombo kipya kutoka dukani hutaweza. Kiwandani wanaweka swichi kwenye breki, ukigusa tu breki umeme wa mota unakatwa. Barabarani ni jambo jema. Mlimani inakuua, maana umeme unakatika wakati unauhitaji. Mimi nimechomoa swichi ya breki ya nyuma, ya mbele nimeiacha ilivyo. Kwa mgeni asiifanye mwezi wa kwanza.

Naenda kuweka barafu kwenye goti, nitarudi na habari ya chaji.

Chura wa Soni

Nimekaa siti ya mbele, karanga mkononi. Uzi utembee.

Mzee wa XR

Nimesoma. Kijana ameandika vizuri, ila hii ni baiskeli ya watoto iliyopewa mshahara. Mimi nina XR 250 tangu zamani, nimeenda nayo Handeni, Kilindi, Pangani, na nikikwama kijijini napata petroli kwenye chupa ya maji. Wewe ukikwama utapata umeme kwenye chupa? Halafu pikipiki isiyolia ni sawa na harusi bila ngoma. Karibu Korogwe nikuoneshe pikipiki.

Mpanda Magamba

Shikamoo mzee wangu. La chupa sina jibu, umenishika. Hilo la ngoma tutalizungumza.

Sasa chaji. Matangazo yatakuambia kilomita 70 au zaidi, na hawadanganyi, ila hiyo ni lami, mwendo wa taratibu, mtu mwepesi. Mimi nina kilo 82 na begi. Kwenye vijia vya huku napata kilomita 30 hadi 35. Masika, tope likishika tairi, nimewahi kuishiwa kwenye kilomita 26. Mtu akikuambia anafanya 60 milimani mwambie akuoneshe mlima wenyewe.

Kuchaji kutoka sifuri ni kama saa nne kwa chaja yake. Kwa bei ya umeme wa nyumbani, shilingi 350 na kitu kwa uniti, betri nzima inakula kama elfu moja. Kwa elfu moja Boxer yangu isingefika hata Magamba na kurudi mara mbili. Lakini usiingie kwenye umeme kwa sababu ya elfu moja, bei ya kununulia itakumaliza kabla hujaona faida.

Kanuni yangu ni moja: nyumbani pawe chini. Napanda kwanza betri ikiwa imejaa, narudi kwa mteremko. Betri ya lithiamu ikishuka sana volti zinalegea, kontrola (kile kisanduku kinachogawa umeme kwa mota) inapunguza nguvu, na wakati huo ndipo utakutana na kipande kibaya kuliko vyote. Ikifika theluthi moja nageuza, hata kama mwenzangu anaona mbele pazuri.

Fundi Umeme Tanga

Mkuu ngoja niweke hesabu, watu wengi hudhani mlima ndio unaokula betri.

Chukua wewe kilo 82, pikipiki na begi, jumla kama kilo 140. Kuinyanyua hiyo mita 1000 kwenda juu ni 140 × 9.8 × 1000, inakuja jouli milioni 1.37, sawa na uniti 0.38. Betri yako ina 2.4. Yaani kilomita nzima ya kwenda mbinguni haifiki hata sehemu ya tano ya betri. Nyingine inakwenda wapi? Tope, tairi linalozunguka bure, breki, na joto la mota. Hasa kile kitendo chako cha kubana breki huku unavuta mafuta, hapo unachoma betri ukiwa umesimama.

Na joto liangalie sana. Joto kwenye nyaya za mota linakwenda kwa mkondo mara mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto mara nne. Mota ikizunguka haraka inafanya kazi kwa raha. Ikilazimishwa taratibu sana na mzigo mzito, inavuta mkondo mkubwa na karibu wote unageuka joto. Tairi likikwama nyuma ya jiwe nawe umeshikilia mafuta, hiyo mota sasa ni pasi.

Mpanda Magamba

Fundi, ungekuwa karibu ningekununulia chai ya maziwa na mihogo. Hiyo pasi nimeikuta mwenyewe.

Ilikuwa Desemba, mvua za vuli zimekolea, kipande cha kupanda kutoka Mkuzi. Udongo ule ukilowa ni sabuni. Nikakwama, nikapandisha tena, nikakwama, dakika kumi na tano hivi nasukumana na jiwe moja kama tunagombea urithi. Mara nguvu zikapungua, pikipiki ikawa inatembea kama mgonjwa. Nikadhani imekufa. Kumbe mfumo unajilinda, ukiona joto limepanda unabana nguvu. Nikakaa chini ya mkaratusi nusu saa, ikarudi kama si yeye.

Nilibadilisha mambo mawili. Sproketi ya nyuma iliyokuja nayo ilikuwa ya meno 48, nimeweka ya 58. Mwendo wa juu umepungua, na huku hakuna mahali pa kwenda kasi hata hivyo. Mota sasa inazunguka haraka zaidi kwa mwendo uleule wa gurudumu, joto limepungua, na mkono wa kulia umepata nafasi ya kupima. Kwa njia ngumu hakuna pesa nimewahi kutumia vizuri kama hii. Cheni ni 420, na ukiongeza meno lazima uongeze na pingili, wengi husahau wakanunua sproketi halafu wakarudi dukani.

La pili ni tabia. Ukikwama, achia mafuta. Shuka, simama upande wa juu wa mlima, mpe mafuta kidogo tu huku unasukuma. Kilo 60 unasukuma mwenyewe. Boxer hapo ungeita wanakijiji wanne na kuwalipa soda.

Ila hiyo ya kushuka na kusukuma ndiyo iliyonipa goti hili. Pikipiki haina sauti, unasahau kwamba iko hai. Jana nilikuwa naigeuza kwenye ukingo, nikashika kishikio cha kulia ili nisianguke, mkono ukazunguka nacho. Iliruka kama mbuzi aliyeona chui, mimi nyuma yake nimeng'ang'ania, na kadiri inavyonivuta ndivyo mkono unavyozidi kuzungusha mafuta. Tukatua kwenye viazi vya mama mmoja. Tangu sasa: mguu ukigusa chini kwa nia ya kushuka, kidole kinazima kwanza. Viazi nimevilipa.

Kifaru wa Ngong

Wazee wa TZ mko juu. Swali kutoka Nairobi: hapa tuna nduthi za umeme kibao, Roam wanaunganisha hapahapa, Ampersand nao wako na vituo vya kubadilisha betri. Siwezi kuchukua moja ya hizo nikaweka tairi za matope nikaenda nayo Ngong Hills? Hiyo Sur-Ron bei yake ni kama ya kiwanja.

Mpanda Magamba

Ndugu, utafika, ila hutafurahi. Zile zimetengenezwa kubeba abiria na magunia barabarani, na kazi hiyo wanaifanya vizuri. Mlimani zina uzito, ziko karibu na ardhi na hazina shokapu za kushuka ngazi. Barabara ya vumbi sawa. Jiwe la ukubwa wa sufuria, hapana. Kwa pesa kidogo bora utafute pikipiki ya mafuta iliyotumika, na sisemi hivyo kumfurahisha Mzee wa XR.

Kuhusu bei nikuonye kitu. Chombo chenyewe ni sehemu tu ya gharama. Betri ya lithiamu inahesabiwa mzigo wa hatari, daraja la 9, na kwenye ndege abiria haruhusiwi kubeba betri inayozidi Wh 160 wakati hii ina Wh 2,400, zile uniti 2.4. Inakuja kwa meli na makaratasi yake. Wakala wangu alisahau karatasi moja, mzigo ukalala bandarini na mimi nikalipa kulala kwake. Uliza habari ya makaratasi kabla hujatuma pesa.

Binti wa Maskati

Assalaam aleikum. Nawasoma kutoka Oman. Mie ninayo Talaria, ya umeme kama hiyo yako, mume wangu ana ya petroli, na sasa tunaigombania ya kwangu.

Njia zetu ni mabonde ya wadi, yaani mito iliyokauka. Changarawe ya mviringo kama mayai, halafu miamba mikali. Changarawe ukiiendea kwa woga gurudumu la mbele linazama na kukugeuza. Inataka usimame, uzito uwe nyuma kidogo, mkono uvute sawasawa bila kukatakata. Umeme hapo ni mtamu sana kwa sababu mvuto wake haupandi na kushuka kama wa injini.

Shida yetu ni jua. Kiangazi kinapita digrii 40 na miamba yenyewe inatoa moto. Tunatoka alfajiri, saa mbili asubuhi tumesharudi. Betri ikirudi ya moto siichaji. Naiweka ndani kwenye kiyoyozi mpaka ukiigusa husemi kitu, ndio naichaji. Jirani yetu alikuwa akishuka tu anachomeka. Mwaka wa pili betri yake inakwenda nusu ya safari. Na nikijua sitaitumia wiki mbili siiachi imejaa, naiacha katikati.

Tena kaka Mpanda Magamba, huko mlimani mnapata breki vipi kwenye mteremko mrefu? Mie nilichoma vipande vya breki siku moja tu.

Mpanda Magamba

Wa aleikum salaam dada, karibu sana. Umegusa mahali panaponiuma.

Kwenye mafuta unaweka gia ya kwanza, injini yenyewe inakushikilia. Huku mota inashikilia kidogo tu, inarudisha umeme kwenye betri, lakini usiitegemee. Na kuna mtego: betri ikiwa imejaa haina pa kuuweka umeme huo. Nilitoka siku moja nyumba ya wageni ya Mambo, betri imejaa pomoni, nikaanza moja kwa moja na mteremko. Nusu ya njia breki ya nyuma ikawa inazama mpaka kwenye kishikio.

Sasa nashuka kwa kidole kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, nabana na kuachia, sibani mfululizo. Makalio nyuma ya kiti, magoti yamefunguka, macho mita kumi mbele. Mizizi naivuka ikiwa imelala mbele yangu kama kizingiti cha mlango. Mzizi uliolala mshazari ukiukanyaga umeshika breki, tairi la mbele linafuata mzizi, nawe unafuata tairi. Kila baada ya mteremko mrefu nasimama, nagusa diski kwa mate. Ikichemka, napumzika. Watalii hupiga picha hapo wakidhani nastaajabia mandhari.

Chura wa Soni

Na maji mkuu? Ndilo swali langu la tangu asubuhi.

Mpanda Magamba

Vijito vya kufika katikati ya gurudumu navuka bila wasiwasi. Injini ikivuta maji inakufa, mota haivuti hewa. Hatari iko kwenye viungio vya nyaya na beringi. Nimepaka grisi ya umeme kwenye kila kiungio, na nikirudi nafungua sehemu ya betri ikauke. Mashine ya kuoshea ya presha usiikaribishe hata kwa salamu. Ndoo na tambara.

Msafiri wa Colorado

Niko Marekani miaka mingi. Mnaofikiria kuja kuendesha huku mjue sheria. Baiskeli ya umeme huku inahesabika kuwa baiskeli ikiwa na pedali na mota isiyozidi wati 750. Hizi zenu zina wati elfu kadhaa na hazina pedali, kwa hiyo kwenye misitu ya taifa ni chombo cha moto, mnaruhusiwa pale pikipiki zinaporuhusiwa tu. Vijana wananunua, wanaingia njia za baiskeli na za watembea kwa miguu, halafu wote tunafungiwa. Kelele hamna, lakini tairi linachimba vilevile.

Mpanda Magamba

Hili limekuja wakati wake. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na mimi ndani ya hifadhi siendeshi. Navuka kwa barabara iliyoruhusiwa, vijia ninavyoviendesha ni vya vijijini nje ya msitu. Na hivyo navyo vina wenyewe. Mvua ikinyesha siku tatu siendi, kwa sababu mfereji nitakaouacha, mvua inayofuata itaupanua, na mama anayeshuka na tenga la plamu kichwani ndiye atakayevunjika mguu.

Sasa mzee wangu wa XR, ile ngoma ya harusi. Ukimya una utamu wake. Nasikia tairi likianza kuteleza kabla sijalihisi kwenye makalio. Nasikia cheni ikidai mafuta. Nimewahi kukutana na mbega wameketi mitini wakanitazama tu. Lakini ukimya uleule ulinifanya nimtokee bibi mmoja mgongoni, ana mzigo wa kuni, akapiga ukelele akautupa chini. Nilimfungia upya, nikambebea mpaka kwake, na aliniambia maneno ambayo nastahili. Siku hiyohiyo nilinunua kengele ya baiskeli. Nikifika kona napiga, nikimwona mtu nasimama, nashuka, nasalimu. Ukiwa na kofia ngumu usoni na hujasalimu, mlimani huku wewe ni jambazi.

Chura wa Soni

Nakumbuka Afrika Kusini kuna askari wa wanyamapori waliopewa pikipiki za umeme za Cake, kampuni ya Sweden, kwa ajili ya huo ukimya. Jangili husikia injini kutoka mbali.

Fundi Umeme Tanga

Ndiyo, ziliitwa Kalk AP, zikachajiwa kwa sola. Kampuni yenyewe ilifilisika mapema 2024. Ndiyo maana nawaambia watu, kabla ya kununua uliza kwanza kontrola ikiungua utaipata wapi. Mpanda Magamba, wewe akiba unayo?

Mpanda Magamba

Kontrola moja, seti mbili za vipande vya breki, cheni, tyubu nne. Tyubu ndizo zinazoisha. Upepo ukishusha sana tairi linashika vizuri kwenye mizizi, lakini jiwe likibana tyubu kwenye ringi unapata pancha ya matundu mawili kama umeng'atwa na nyoka. Magurudumu haya ni ya inchi 19 mbele na nyuma, hayavuki jiwe kwa urahisi kama la inchi 21, kwa hiyo yanapigwa zaidi.

Mzee wa XR

Mmeandika sana. Jumamosi napanda Lushoto na XR yangu. Tutapita hiyo njia yako ya Mkuzi. Kijana andaa chai.

Chura wa Soni

Hahahaaa! Wakuu msilale, Jumamosi hiyo.

Mzee wa XR

Haya, leo ni Jumatatu. Nimeahidi kusema ukweli na nitausema.

Tulitoka saa moja asubuhi. Mimi nina ya mafuta, yeye na hilo jini lake. Mpaka Magamba nilikuwa naye bega kwa bega, ila XR ilianza kukohoa. Kabureta nimeitegesha kwa hewa ya Korogwe, huko juu karibu mita 2000 hewa nyepesi, mafuta yakawa mengi, plagi nyeusi tii. Lake halijali, halivuti hewa.

Kwenye ngazi za mawe akaniambia mzee jaribu. Nikapanda. Jambo la kwanza, nimefika kwenye jiwe, mkono wa kushoto wenyewe ukavuta klachi kama ulivyofanya miaka thelathini. Siyo klachi, ni breki. Gurudumu la nyuma likafunga, nikalala ubavu. Nikapanda tena. Nikavuta tena. Mara ya tatu nikajifunga kidole cha kushoto kwa leso kwenye kishikio, nikapita. Nilipita wakuu. Kwa mwendo wa kobe, miguu juu ya vikanyagio, bila kelele, nikijisikia mwenyewe ninavyohema. Pale XR lazima niipige kwa kasi au nisipite. Na hiyo ya kusimama katikati ya mlima, miguu yote miwili chini, breki ya nyuma mkononi, halafu ukaondoka tena bila kurudi nyuma, hiyo nimeipenda. Nimerudia mara nne kijana hajanizuia, adabu yake ilimponza.

Kushuka sikulipenda. Ni jepesi mno, linarushwa na kila jiwe. XR inashuka kama mtu mzima.

Sasa sikilizeni. Tumegeuza, tunapanda kurudi, bado kidogo kufika juu ya Magamba, jini limezima. Kimya chake kikawa kimya kweli. Chaji nimeimaliza mimi kwenye zile ngazi. Tulilivuta kwa mkanda wa begi na kipande cha kamba ya mbuzi tuliyoazimwa, XR mbele, kama mita 800, mpaka mlima ulipoanza kuteremka. Kutoka hapo alishuka mwenyewe bure hadi mjini.

Watu wa Magamba walitupigia makofi.

Mpanda Magamba

Nathibitisha, kila neno. Makofi yalikuwa ya XR.

Binti wa Maskati

Nimecheka mpaka machozi. Mzee, kwa hiyo unanunua?

Mzee wa XR

Sijasema hivyo binti yangu. Nimeuliza bei tu. Na nimemuuliza huyu kijana kama klachi ya mkono inaweza kuwekwa. Akasema kuna pikipiki za umeme za Kifaransa za mchezo wa kupanda mawe, Electric Motion, zenye klachi kabisa. Nalisoma jambo hilo.

Mpanda Magamba

Goti limepungua. Jumamosi ijayo ni Mtae, saa kumi na mbili na nusu tunaondoka Lukozi, maana umeme wa kuchajia njiani nimeomba kwa mwenye duka la vinywaji pale na amekubali kwa elfu mbili. Mzee wangu kabureta uitegeshe kabla hujapanda. Mimi nimeshanunua kamba, mita kumi.

Chura wa Soni

Nakuja na Boxer yangu. Kamba moja haitatosha.